Soka la wanawake lapaa, Tabora yabaki stesheni

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MSICHANA wa miaka 14 anayeanza kuupenda mpira katika Kata ya Chemchem, Manispaa ya Tabora, hakosi wa kumuiga. Yupo Aisha Masaka, aliyetoka Yanga Princess kwenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akajiunga na Brighton & Hove Albion ya Uingereza. Yupo Clara Luvanga, aliyefika Al-Nassr ya Saudi Arabia, na Opa Clement, aliyecheza soka la kulipwa Uturuki. Tena Julai 2025 timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilikuwa Morocco katika fainali za Mataifa ya Afrika, na miezi mitatu baadaye iliitoa Ethiopia na kujikatia tiketi ya fainali nyingine.

Tabu ya msichana huyo inaanza anapouliza swali dogo tu: nitacheza timu gani, na katika ligi ipi?

Swali hilo ndilo kipimo halisi cha maendeleo ya soka la wanawake nchini. Makombe yameongezeka, majina yamekua, na timu ya taifa ambayo zamani ilitajwa kwa huruma sasa inatajwa kwa matumaini. Lakini ukiitazama ramani ya klabu, utaona mafanikio hayo yamejikusanya katika maeneo machache, na mikoa mizima, Tabora ikiwamo, imekuwa ikiingia katika mashindano ya kitaifa na kutoka kama abiria aliyepanda treni bila tiketi ya kurudi.

Timu ya taifa ilitangulia, ligi ikafuata

Nyumba kwa kawaida huanzia msingi. Soka la wanawake Tanzania lilianzia paa.

Zanzibar ilikuwa na Women Fighters tangu mwaka 1988. Dar es Salaam ilikuwa na timu za mitaa kama Mburahati Queens na Sayari, ambazo kwa miaka mingi zilicheza kwa michango ya wachache waliojitolea na kwa ukaidi wa wachezaji wenyewe. Kutokana na kundi hilo dogo, Kocha Charles Boniface Mkwasa alijenga kikosi kilichofuzu fainali za Afrika za mwaka 2010 nchini Afrika Kusini. Twiga Stars ilipoteza michezo yote mitatu, ikifungwa 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali na 3-0 na Nigeria. Anayetazama matokeo hayo kwa haki ataona kuwa michezo miwili kati ya mitatu ilipotea kwa tofauti ya bao moja.

Kinachosahaulika ni kwamba wakati huo Tanzania haikuwa na ligi ya taifa ya wanawake. Wachezaji waliokwenda kupambana na Nigeria walitoka katika mashindano ya mkoa mmoja na mechi za kirafiki. Kwa hiyo hapakuwa na mshangao mkubwa pale Ethiopia ilipoiondoa Twiga Stars katika safari ya fainali za 2012, Zambia ikafanya hivyo mwaka 2014 na Zimbabwe mwaka 2016. Ilichukua hadi fainali za 2024, zilizochezwa mwaka 2025, kwa Tanzania kurudi katika jukwaa hilo.

Hatua za kujenga msingi zilikuja polepole. Mwaka 2015 lilifanyika Kombe la Taifa la Wanawake, lililokutanisha timu za mikoa. Lilikuwa jambo jema, kwani viongozi wa mikoa walilazimika kutafuta wasichana wanaocheza mpira, na wengi waligundua kuwa wapo. Hata hivyo timu ya mkoa ni ya mashindano: huundwa wiki chache kabla, hukaa kambini, hucheza na kuvunjwa. Wachezaji hurudi nyumbani na kubaki bila klabu, bila kocha na bila ratiba.

Ligi Kuu ya Wanawake ilianza Novemba 2016, ikiwa na timu 12 katika makundi mawili. Miezi miwili kabla yake, Twiga Stars ilikuwa tayari imetwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati mjini Jinja, Uganda, kwa kuifunga Kenya 2-1 katika fainali. Kwa maneno mengine, nchi ilipata ubingwa wa kanda kwanza, ligi baadaye. Ni mpangilio ambao mashabiki wa soka la wanaume wangeuona kama mzaha.

Faida za ligi hazikukawia. Ubingwa wa kanda ulitetewa Kigali mwaka 2018. Mwaka 2021 Twiga Stars, ikiwa mgeni mwalikwa, ilitwaa Kombe la COSAFA kwa kuifunga Malawi 1-0. Oktoba 2022 wasichana wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walicheza Kombe la Dunia nchini India, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakafika robo fainali na kutolewa na Colombia. Hakuna timu yoyote ya soka ya Tanzania, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imewahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA la ngazi yoyote kabla ya hao mabinti.

Kwa upande wa klabu, Simba Queens ilishika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022. JKT Queens iliwakilisha kanda mwaka 2023, na tena mwaka 2025.

Reli inayopita bila kusimama

Orodha ya timu 12 za msimu wa kwanza inasomeka vizuri zaidi ukiwa na ramani ya Reli ya Kati mkononi. Pwani ilikuwa na Mlandizi Queens. Dodoma ilikuwa na Baobab Queens. Singida ilikuwa na Majengo. Kigoma, mwisho wa reli, ilikuwa na Sisterz. Mwanza, mwisho wa tawi la kaskazini, ilikuwa na Marsh. Tabora, mji ambao reli iliufikia mwaka 1912 na ambako njia hugawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, haikuwa na timu.

Huu si mkoa mdogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.3. Wala si mkoa usiojua mpira. Milambo ya Tabora ilikuwa jina linalofahamika kwa wapenzi wa soka wa kizazi kilichopita. Rhino Rangers ilicheza Ligi Kuu ya wanaume msimu wa 2013/14. Kitayosce ilipanda na mwaka 2023 ikabadilishwa jina kuwa Tabora United, na Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ukaanza tena kupokea Simba na Yanga. Siku za mechi hizo mji husimama. Bodaboda hazitoshi na nyumba za wageni hujaa.

Kwa wanawake, mkoa ulipata nafasi yake kupitia ES Unyanyembe, timu iliyobeba jina la himaya ya zamani ya Isike. Katika msimu wa 2020/21 timu hiyo ilikuwa miongoni mwa washiriki wa Ligi Kuu ya Wanawake. Kwa mara ya kwanza msichana wa Chemchem, Isevya au Ng'ambo aliweza kusema kwamba timu ya mji wake inacheza na Simba Queens, tena kwa pointi halali. Lakini ligi ilipopangwa kwa msimu wa 2023/24 ikiwa na timu 10, mikoa iliyowakilishwa ilikuwa Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Geita, Mara, Iringa na Lindi. Tabora ilikuwa imetoka.

Wadau wengi hueleza jambo hili kwa neno moja, ukata. Ni kweli, ila neno hilo limezoeleka mno kiasi kwamba halielezi tena chochote. Ni afadhali kulihesabu.

Hesabu ya sahani

Chukua timu ya Tabora katika ligi ya timu 10. Itacheza mechi 18, tisa kati ya hizo ugenini. Msafara wa kawaida una wachezaji 18 na viongozi watano, jumla watu 23. Kwa umbali wa Tabora, safari moja ya ugenini haiwezi kuwa chini ya siku nne: siku ya kwenda, siku ya kupumzika na mazoezi mepesi, siku ya mechi na siku ya kurudi. Hiyo ni milo 276 kwa safari moja, na milo 2,484 kwa msimu. Hata ukikadiria sahani moja kwa Sh3,000, chakula peke yake kitagharimu Sh7,452,000.

Malazi nayo. Wawili kwa chumba ni vyumba 12, kwa usiku tatu, kwa safari tisa. Jumla vyumba 324. Kwa nyumba ya wageni ya Sh20,000, ni Sh6,480,000. Kabla ya kulipia basi hata kilomita moja, timu imeshatumia Sh13,932,000. Bado mafuta, bado dawa ya mchezaji aliyeumia, bado posho, bado mechi tisa za nyumbani zenye gharama zake za kambi na maandalizi ya uwanja.

Sasa linganisha na timu ya Dar es Salaam ya msimu wa 2023/24. Simba Queens, Yanga Princess na JKT Queens zilikuwa katika jiji moja. Kila moja ilikuwa na mechi mbili za ugenini ambazo wachezaji wangeweza kula chakula cha mchana nyumbani, kucheza, na kulala katika vitanda vyao. Safari zao ndefu zilikuwa saba badala ya tisa. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo katika karatasi ya ratiba. Ukiongeza kwamba timu hizo tatu ndizo zenye wafadhili, mashabiki na mwajiri, inageuka kuwa tofauti kati ya kuwepo na kutokuwepo.

Upande wa mapato, kiingilio katika mechi za wanawake mikoani ni kidogo au hakipo kabisa. Mdhamini hupenda kwenda mahali penye kamera. Kinachobaki ni mfuko wa mtu mmoja au wawili: mfanyabiashara wa mjini, mwalimu, kiongozi wa chama. Mtu huyo akiugua, akihamishwa kikazi au akichoka tu, timu hufa, na anayelaumiwa ni yeye aliyekuwa akiilisha.

Misafara ya karne ya 19 ilitumia miezi miwili hadi mitatu kutoka pwani hadi Tabora, na wapagazi wa Kinyamwezi walijua jambo moja ambalo wapanga ratiba wa leo hulisahau: safari huanza na posho ya njiani. Msafara usio na chakula haukuondoka.

Nani anamiliki klabu

Ukizichunguza timu zilizodumu katika Ligi Kuu ya Wanawake, utaona zimeegemea nguzo za aina tatu.

Ya kwanza ni jeshi. JKT Queens ni mali ya Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa mchezaji hilo lina maana ya kambi, chakula, nidhamu na matumaini ya ajira. Kwa binti wa familia ya kawaida, ajira ina uzito kuliko kombe. Hata makocha hupatikana ndani ya mfumo huohuo: Ester Chabruma, nyota wa zamani wa Twiga Stars, alikuwa katika benchi la JKT Queens ilipotwaa ubingwa wa kanda mwaka 2023. Ni mfano adimu wa mchezaji wa kike aliyestaafu na kubaki katika mchezo badala ya kupotea.

Ya pili ni jina kubwa. Simba na Yanga zilipoamua kuwa na timu za wanawake, zilikuja na mashabiki wao, vyombo vya habari na kelele zao zote. Watani hao wamefanya mechi ya wanawake kuwa habari ya ukurasa wa mbele, jambo ambalo Mburahati Queens haikuweza kulifanya kwa miaka yote ya jasho lake.

Ya tatu ni shule. Alliance ya Mwanza na Fountain Gate ya Dodoma zimejenga timu juu ya madarasa na mabweni. Mchezaji ana kitanda, ana mwalimu, ana uwanja, na mzazi hana hofu kwamba binti yake anazurura. Huu ndio mfumo uliozaa matunda mengi kwa gharama ndogo, na kwa maoni ya wengi wanaofuatilia mchezo huu ndio unaofaa zaidi mikoani.

Nje ya nguzo hizo imebaki klabu ya mtaa. Mlandizi Queens ya Pwani ilikuwa klabu ya aina hiyo na ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza, msimu wa 2016/17. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 ubingwa umekwenda kwa timu mbili tu: JKT Queens mara nne, Simba Queens mara nne. Hakuna klabu ya mtaa iliyorudi kileleni, na hakuna klabu ya nje ya Dar es Salaam iliyofika hapo.

Katika mpira wa wanaume mashabiki wamezoea ubabe wa wachache na wanaishi nao. Katika mpira wa wanawake, ambao bado unatafuta mizizi, ubabe huo una madhara ya aina nyingine. Klabu ya mkoani inapomwibua mchezaji mzuri, msimu unaofuata yuko Dar es Salaam, na mara nyingi klabu iliyomlea haina mkataba wowote wa kuiwezesha kudai fidia. Inapoteza mchezaji na inapoteza sababu ya kuendelea. Mchezaji hana kosa. Nani atakataa mshahara? Kosa lipo katika usajili unaofanywa kwa mdomo na kwa imani, kama mkopo wa dukani.

Miaka 14 hadi 18

Kuna sababu nyingine ambayo haimo katika hesabu ya sahani, na pengine ni nzito kuliko zote.

Utafiti wa Hali ya Afya na Demografia wa mwaka 2010 ulionesha kuwa asilimia 58 ya wanawake wa Tabora waliokuwa na umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mkoa mmoja tu, Shinyanga, ulikuwa juu ya Tabora, kwa asilimia 59, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 37. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurejea shuleni.

Msomaji anaweza kuuliza haya yanahusiana vipi na mpira. Yanahusiana moja kwa moja. Mchezaji hutengenezwa kati ya miaka 14 na 18. Serengeti Girls waliofika robo fainali India walikuwa na umri huo. Mkoa unaopoteza zaidi ya nusu ya wasichana wake kwa ndoa katika kipindi hichohicho hauwezi kujaza kikosi cha wachezaji 18, achilia mbali kuchagua walio bora. Kocha wa mtaani huanza msimu na wasichana 20, na kufika mavuno ya tumbaku hajui atabaki na wangapi. Katika Urambo, Kaliua na Sikonge kazi ya shamba nayo ina madai yake kwa mabinti.

Wazazi wanaopinga hutaja mavazi, hutaja wenye mdomo mtaani, hutaja hofu kwamba binti atakuwa jike dume. Hoja ya mwisho ni ya ajabu kidogo kutolewa Unyamwezi. Wanawake wa eneo hili walitembea na misafara hadi pwani wakiwa na vyombo na watoto mgongoni, na hakuna aliyehoji kama miguu yao ilikuwa ya kike. Hofu ya usalama, hata hivyo, ni ya haki na haipaswi kubezwa. Mazoezi yanayomalizika magharibi, msichana akirudi peke yake kwa mguu, ni jambo ambalo mzazi yeyote makini atalikataa. Klabu zenye mabweni hazina tatizo hilo. Klabu ya mtaa inalo kila siku.

Kwa kuwa mfumo wa shule ndio unaoelekea kujibu maswali mengi kwa pamoja, Tabora ilipaswa kuwa na nafasi nzuri. Ni mji wa shule. Tabora Wavulana ilimsomesha Mwalimu Julius Nyerere, na Tabora Wasichana imesomesha vizazi vya mabinti kutoka kila pembe ya nchi. Aidha, mwaka 2022 na 2023 mashindano ya kitaifa ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, yalifanyika hapahapa mjini. Wasichana wa mikoa yote walikuja, wakalala katika mabweni ya Tabora, wakacheza soka katika viwanja vya Tabora mbele ya macho ya wapenzi wa mpira wa Tabora.

Walipoondoka, viwanja vilibaki, mabweni yalibaki, walimu wa michezo walibaki. Kilichokosekana ni klabu ya kuwapokea mabinti wa hapa waliong'ara. Michezo ya shule huibua vipaji kwa majuma machache kila mwaka. Baada ya hapo mwanafunzi anahitaji timu ya kuchezea miezi mingine yote. Mwanza na Dodoma zimeunganisha vitu hivyo viwili chini ya paa moja. Tabora imeviacha kila kimoja na wizara yake na ofisi yake.

Sharti la leseni

Msukumo mpya unatoka mahali ambapo wengi hawakutarajia, nao ni kanuni. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, limeweka katika masharti ya leseni kwamba klabu inayotaka kushiriki mashindano yake ya wanaume iwe na timu ya wanawake. Sharti hilo limefanya kile ambacho hotuba za miaka 20 hazikufanya. Geita Gold iliunda Geita Gold Queens. Mashujaa, klabu ya Kigoma yenye asili ya jeshi, ina Mashujaa Queens, iliyofika Ligi Kuu ya Wanawake.

Kuna hatari ndani ya njia hii. Klabu inaweza kuunda timu ya wanawake ili kujaza fomu, ikaipa jezi zilizochakaa na uwanja saa za jua kali, kisha ikaivunja ukaguzi ukipita. Timu ya namna hiyo itamuumiza msichana kuliko kukosa timu kabisa, kwani atakuwa ameacha mambo mengine kwa ajili yake. TFF na chama cha soka la wanawake, TWFA, wanao uwezo wa kulizuia hilo iwapo ukaguzi utahusu mikataba, bima ya afya na ratiba ya mazoezi, badala ya kuishia katika picha ya pamoja ya wachezaji. Suala la ratiba pia liko mikononi mwao: ligi iliyoanza kwa makundi mawili mwaka 2016 ilipunguza safari za timu za mbali, na mfumo huo ungeweza kurudishwa katika ngazi ya Daraja la Kwanza, kwa kanda ya magharibi kuwa na kundi lake lenye Kigoma, Tabora, Shinyanga na Katavi.

Kwa Tabora sharti la leseni lina jina la klabu mahsusi. Tabora United ilichukua jina la TRA United mwaka 2025, na sasa ina taasisi kubwa nyuma yake kuliko klabu yoyote iliyowahi kuuwakilisha mkoa huu katika Ligi Kuu. Siku itakapofika katika nafasi ya kucheza mashindano ya Afrika, itatakiwa kuonesha timu ya wanawake. Inaweza kuikusanya timu hiyo Dar es Salaam kwa majuma mawili, kwa kuwasajili wachezaji walioachwa na wengine. Inaweza pia kuanza sasa, na Chama cha Soka Mkoa wa Tabora, TAREFA, katika shule za manispaa, kwa wasichana wa miaka 14 ambao kufikia wakati huo watakuwa na 17 au 18.

Njia ya kwanza ni rahisi na inatosha kupata leseni. Njia ya pili inahitaji basi dogo, mwalimu mmoja mwenye cheti cha ukocha, bweni lenye vitanda 20, na zile sahani 2,484.